Mlafi, Gari la Debe Moja

Kabla hujagusa kabureta, lisukume gari kwa mkono mmoja. Nalisema hili mwanzo kabisa, vijana wangu, kwa sababu nawajua. Mkiletewa gari linalokunywa petroli kupita kiasi, mkono unakimbilia bisibisi, boneti juu, kichwa ndani. Nami nilikuwa hivyo hivyo nilipokuwa na umri wenu. Sasa mgongo wangu umegoma kuingia uvunguni mwa gari, lakini mdomo haujastaafu, basi nisikilizeni.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa nyumba ya wazazi, wanapojifungulia kina mama, hapa Ifakara. Gari letu lilikuwa moja tu, dogo, la silinda nne, lililotengenezwa kabla ya vita na kupita kwenye mikono mingi kabla ya kutufikia. Tuliliita Mlafi. Kila wiki Mlafi alimpeleka Mama Mektilda, mkunga wetu, hadi Chita, maili sitini hivi, kuwapima wajawazito wa huko na wa vijiji vya njiani. Kwenda na kurudi alimaliza madebe mawili ya petroli na bado alionekana ana kiu.

Mwaka ninaousimulia, masika yalikata barabara ya kwenda Kidatu. Njia ya Chita ilianza kukauka, ila malori ya petroli yalikuwa yamekwama ng'ambo ya mafuriko. Mkuu wetu wa kazi alipima kilichobaki pipani, akapiga kufuli, kisha akatuita.

"Debe moja kwa wiki," alisema. "Gari likiweza kwenda Chita na kurudi kwa debe moja, safari ziendelee. Lisipoweza, tunafunga mpaka barabara ipitike."

Mama Mektilda alinitazama. Nilikuwa na sababu kubwa ya kuogopa kuliko yeye. Mke wangu, Anastazia, alikuwa Chita. Kwetu binti huenda kujifungua mtoto wa kwanza kwa mama yake, naye alikuwa huko na ujauzito wa miezi minane. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika, tukalia wote wawili mpaka machozi yakatuishia. Safari zikifungwa, mke wangu angejifungua bila Mama Mektilda, na wazo hilo lilininyima raha kabisa.

"Litaweza," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, bila kujua hata kidogo nitafanyaje. Mafundi vijana huwa na ugonjwa huo.

Tulipotoka nje, dereva wetu Mzee Mbaraka alikuwa anacheka. Mzee huyu alijifunza kuendesha jeshini wakati wa vita, kwenye majangwa ambako petroli, alisema, ilikuwa ikilindwa kuliko maji. Ndiye aliyenifundisha mambo yote ambayo baadaye nilijigamba kwamba nimeyagundua mwenyewe.

"Gaspari," aliniita, "umeahidi kwa mdomo wa gari au kwa mdomo wako?"

"Kwa wangu, Mzee."

"Haya. Lisukume basi."

Tulikuwa kwenye uwanja ulio bapa. Nikaweka gia huru, nikaachia breki ya mkono, nikasukuma kwa mkono mmoja. Mlafi hakutikisika. Nikaweka mikono miwili, kisha bega, na hapo ndipo aliposogea huku magurudumu yakinung'unika. Mzee Mbaraka akaniambia nifikiri kidogo: kama mimi natoka jasho kulisogeza hatua tatu, injini inatumia nini kulisogeza maili sitini?

Tukafungua magurudumu yote manne. Jamani, mliokulia kwenye lami hamjui tope la Kilombero linavyoingia mahali ambapo hata uzi haupiti. Breki mbili za nyuma zilikuwa zimeshikana, zinakamata usiku na mchana. Beringi zilikuwa kavu, grisi yake imekuwa ngumu, unaikwangua kwa kisu. Tukasafisha, tukapaka grisi mpya, tukalegeza breki mpaka gurudumu ukilizungusha kwa kidole linaendelea lenyewe na wewe unaenda kuwasha sigara. Tairi tukazijaza upepo zaidi ya kawaida, kwa sababu tairi laini inakula petroli kimya kimya. Jioni nilisukuma Mlafi kwa mkono mmoja, akanitoroka, nikamkimbilia uwanja mzima huku wauguzi wakicheka. Nilifurahi kupita maelezo. Hatukuwa tumeigusa injini hata kwa kitambaa, na tayari gari lilikuwa jingine.

Sasa niwaambie kosa langu la kwanza, maana nikilificha mtalirudia. Furaha ile ilinilevya. Usiku kucha nilijiuliza: kama petroli inapita kwenye kitundu kidogo cha kabureta, kwa nini nisikipunguze? Kesho yake mchana Mzee Mbaraka alikuwa amekwenda msikitini, ilikuwa Ijumaa, nami sikumsubiri. Nikatoa jeti, ndicho kipande chenye kitundu hicho, nikaiziba kwa risasi ya kulehemu, nikaitoboa upya kwa sindano nyembamba. Nikampeleka Mlafi hadi Kibaoni na kurudi. Alikohoa kidogo mwanzoni, baadaye akazoea, na petroli iliyotumika ilikuwa ya kujaza kikombe tu. Nikaanza kuimba ndani ya gari peke yangu. Nikazunguka mara ya pili, mara ya tatu, kwa mwendo wa kasi, nikiona kwamba nimewashinda mabwana waliolitengeneza. Mara ya nne injini ilichemka, ikapoteza nguvu, ikawa inapiga kwa silinda tatu.

Mzee Mbaraka alipofika alifungua plagi, akaziweka kiganjani. Zilikuwa nyeupe, rangi ya jivu.

"Umemnyima chakula halafu unataka alime," alisema. Akanionyesha: petroli ikiwa kidogo mno kuliko hewa, moto ndani ya silinda unakuwa mkali, unaanza kuchoma vyuma vyenyewe. Valvu moja ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa ukingoni. Sikuwa na valvu nyingine, na barabara ya kuletewa vipuri ndiyo hiyo iliyokatika.

Niliona aibu nusura nilie. Mzee hakunigombeza tena. Alitafuta chupa tupu, akaisaga mpaka ikawa unga, akaupepeta kwenye kitambaa cha kanga, akauchanganya na oili. Tukaikata ile valvu ukingo mpya kwa jiwe la kunolea, kisha tukakaa siku mbili tukiisaga kwenye kiti chake, pale inapokaa ikijifunga, kwa ule unga wa chupa, tunazungusha nusu kulia, nusu kushoto, mpaka mikono ikawa haina hisia. Tulipomaliza, tulimwagia petroli juu yake tukangoja. Halikuvuja tone. Tangu siku hiyo sijamfundisha fundi yeyote kupunguza petroli kwa pupa. Toa plagi utazame: nyeusi, anakula kupita kiasi, nyeupe, ana njaa, rangi ya karanga iliyokaangwa vizuri, hapo umepata. Tulitanua tena kile kitundu, tukarekebisha skrubu ya kabureta kidogo kidogo, robo ya mzunguko kwa safari moja, na tukatega moto wa plagi uje wakati wake hasa, mpaka karanga ikatokea kwenye plagi zote nne.

Yaliyobaki yalikuwa uzito. Tulivua bampa zote mbili, kiti cha nyuma chenye springi za chuma, kichanja cha juu, na makorokoro ambayo hakuna aliyekumbuka yaliingiaje. Tukayapeleka kwenye mzani wa kupimia mpunga pale sokoni, na mwenye mzani akatuuliza kama tunauza gari kwa vipande. Yalizidi gunia moja la mpunga. Pale nyuma nilitengeneza kiti kipya kwa fito na kamba za ukindu, tunavyosuka vitanda. Mama Mektilda alikikalia, akajitikisa, akasema ni kizuri kuliko cha wazungu.

Wiki iliyofuata tukaondoka alfajiri, hewa ikiwa ya baridi, watu watatu na debe moja. Nilikuwa na kijiti changu cha kupimia tanki, nimekichonga alama kwa kisu, na kila tuliposimama nilikitumbukiza. Mzee Mbaraka alivua kiatu cha kulia kabla ya kuwasha gari.

"Kiatu hakisikii," aliniambia. "Unyayo ndio unaojua petroli inaanzia wapi."

Laiti mngemwona akiendesha. Hakukanyaga kwa nguvu hata mara moja. Alipanda gia ya juu mapema, akaangalia mbali, na akiona mteremko au ng'ombe barabarani, aliachia petroli zamani, gari linajiendea lenyewe, injini inanong'ona tu. Breki aliigusa kwa huzuni, kwa sababu kila ukifunga breki, alisema, unamwaga kitu ulichokwisha kukilipia. Tulipofika Chita nilitumbukiza kijiti, nikaruka juu kwa furaha. Tulikuwa tumetumia chini ya nusu debe.

Huko nilimwona Anastazia. Alinipokea kwa kicheko, akaniambia nanuka grisi kama siku tulipokutana. Lakini Mama Mektilda alipomaliza kumpima alitoka nje uso umekunjamana.

"Mtoto amelala upande," alituambia mimi na mama mkwe, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya mlango, maana mkwe na mkwe hawatazamani uso kwa uso. "Bado ana muda wa kujigeuza. Nitarudi wiki ijayo. Asipogeuka, nitamchukua Ifakara kwa daktari, na hapo hakuna mjadala."

Basi mnaona jambo lilipofikia. Mlafi alitakiwa arudi wiki ijayo, na pengine abebe watu zaidi. Nilijisemea hakuna shida, debe linatosha na linabaki. Kumbe nilikuwa nimepima kila kitu garini isipokuwa shukrani za watu.

Katika kila kijiji tuliposimama wakati wa kurudi, Mama Mektilda alikuwa ameshazalisha nusu ya watoto wake. Mkono mtupu haulambwi, na watu wa bonde hili hawajui kuaga mtu hivi hivi. Mngeta tulipewa mchele, madebe mawili. Mbele kidogo, mikungu ya ndizi. Kwa wavuvi, kambale wa kukaushwa, matenga kwa matenga. Idete akaja babu mmoja na beberu. Nilijaribu kukataa.

"Babu, shikamoo. Tunaomba radhi, gari limejaa."

"Marahaba. Limejaa zawadi za wengine," akajibu. "Ya kwangu ina ubaya gani?"

Mngemjibu nini? Beberu akaingia, akakaa kwenye kiti changu cha ukindu karibu na Mama Mektilda, akaanza kula kamba. Mlafi akaanza kuguna. Mzee Mbaraka alirudisha gia chini, akarudisha tena, na mimi nilisikia petroli ikipita kana kwamba inapita kwenye koo langu. Maili nane kabla ya Ifakara, mchana kweupe, injini ilizima. Tanki kavu. Tukaingia mjini tunasukumwa na vijana waliotoka shambani, huku beberu analia dirishani.

Mkuu wetu alikuwa amesimama barazani. Alimtazama beberu, akatutazama sisi.

"Wiki ijayo ndiyo ya mwisho," alisema. "Mkikwama tena, sitafungua kufuli."

Siku zile hapakuwa na mtu wa kunichekesha. Nilihesabu: Anastazia na mama yake wakipanda, uzito wao ni sawa na mchele, samaki na beberu. Mlafi aliyekwama kwa zawadi angekwama kwa mke wangu. Nilimrudia Mzee Mbaraka, tukafungua magurudumu tena, tukasafisha tena, tukatoa hata milango ya nyuma tukaweka turubai. Mama Mektilda ndiye aliyetatua la zawadi, na kwa njia ambayo fundi asingeiwaza. Alituma neno kwa wavuvi kwamba mtu akitaka kumshukuru, aweke shukrani yake kwenye mtumbwi unaoteremka kuelekea pantoni ya Ifakara, naye ataipokea huko kwa mikono miwili. Maji yanateremka bure. Hakuna aliyeona amedharauliwa, na kwa miaka mingi baadaye mchele wake ulikuwa unamfikia kwa mto.

Tukaenda. Njia nzima ya kwenda hatukupokea hata yai. Chita nikatumbukiza kijiti: nusu kamili imebaki, na unywele mmoja zaidi. Moyo ulinidunda kwa furaha, kisha Mama Mektilda akatoka ndani.

"Hajageuka," alisema, "na uchungu umeanza kumchokoza. Tunaondoka sasa hivi."

Wakamleta Anastazia, wakamlaza kwenye kiti cha ukindu. Mama yake akaingia pembeni yake kumshikilia, mtandio ameuvuta usoni kwa sababu yangu. Mama Mektilda mbele, Mzee Mbaraka kwenye usukani, tayari mguu mtupu. Mimi nikazunguka gari kutafuta cha kupunguza. Nikatoa sanduku la vifaa. Nikatoa jeki. Nikatoa mkeka, galoni ya maji, hata kofia ya Mzee. Hapakuwa na kitu tena, na bado nilijua haitoshi. Nikasimama nikitweta, nikaona Mzee Mbaraka ananitazama, na hapo nikauona mzigo mkubwa uliobaki. Ulikuwa mimi.

Na hata kama petroli ingetosha, ningekaa wapi? Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kubanana bega kwa bega na mama mkwe maili sitini. Heshima isingefika hata Mngeta.

"Nendeni," nikasema. "Mimi nakuja."

Anastazia alinishika mkono kupitia turubai, akauminya kwa nguvu, akauachia. Nilimsukuma Mlafi mwenyewe ili asipoteze petroli kuondoka, kwa mkono mmoja, naye akateleza, akawaka, akapotea kwenye kona.

Nikaanza kutembea. Vijana, nimetengeneza magari mengi maishani, lakini sijawahi kulisoma gari kama nilivyolisoma lile kwa miguu. Njia ilikuwa na unyevu, alama za matairi zimekaa wazi, nami nilizifuata macho chini. Nilijua hapa ameachia petroli, hapa amepanda gia. Kila kona niliogopa kuipita, nikidhani nitakuta gari limesimama. Kabla ya kufika Mngeta nikakuta alama zimefutwa na nyayo za watu waliolizunguka gari. Mwanamke aliyekuwa anapalilia mpunga aliniona nimeganda.

"Ni wale wa mkunga?" aliuliza. "Yule binti alishikwa na maumivu, wakasimama akapumua. Wameondoka, tena gari halikutoa hata mlio."

Nilimshukuru, nikatembea mbio. Nililala Mngeta, nikalala Idete, na siku ya tatu nilipita mahali tulipokwama na beberu. Alama zikapita pale bila kusita. Nilianza kukimbia. Nilikimbia nikiwa nacheka peke yangu, na waliokuwa shambani waliinuka kunitazama. Maili sita, nne, mbili. Alama zikaingia Ifakara, zikapinda kwenye njia yetu, zikaingia uwanjani.

Mzee Mbaraka alikuwa amekaa kwenye mlango wa gari, kijiti changu mkononi. Mafundi wengi wameniuliza Mlafi alibakiza kiasi gani siku ile, na alikwenda maili ngapi kwa galoni. Ni swali zuri, na ni aibu kwa fundi kutolijua jibu lake. Mzee alininyooshea kile kijiti, nami nikampita mbio bila kukitazama.

Ndani, Mama Mektilda alinisimamisha, akaninawisha mikono mpaka viwikoni, bila haraka, akiniambia daktari alimfanyia upasuaji saa ile ile walipofika, na kwamba ni wa kike. Kisha akaniachia mlango. Anastazia alikuwa amelala, mtoto ubavuni mwake, kichwa chake kidogo kinatoka kwenye kanga. Alifumbua macho, akanitazama usoni, akatazama miguu yangu iliyojaa tope hadi magotini.

"Umetembea kutoka Chita?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi kaa chini, baba Tekla."

Nikakaa sakafuni pale pale, kwa sababu sikuweza tena kusimama.